Mji Umeshavuka Daraja: Hotuba kwa Wafanyabiashara na Wakazi wa Kiembeni

Hotuba hii niliitoa Jumamosi jioni hapa Kiembeni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, mbele ya wafanyabiashara na wakazi wa Kisauni na Nyali. Wengi mlinipigia simu mkisema mlikwama dukani, au kwenye foleni ya Bombolulu, mkashindwa kufika. Naiweka hapa nzima. Nilichoondoa ni picha za ukutani tu, ambazo hata waliokuwepo hawakuziona vizuri, maana stima ilipotea katikati ya maneno.

Assalaam aleikum. Bwana asifiwe. Na nyinyi ambao hamjaitikia hata moja, hamjambo?

Wazee wetu mliokaa mbele, mama zetu, ndugu zangu wafanyabiashara, na nyinyi vijana wa bodaboda mlioegesha hapo nje mkaingia kwa ajili ya soda: karibuni. Soda zipo, lakini mwisho wa maneno.

Nimeombwa nizungumze kuhusu kuishi na kufanya biashara katika mji unaokua mbio. Mimi si mwanasiasa wala si mtaalamu wa mipango ya miji. Nauza simiti, mabati, misumari na rangi. Lakini mwenye duka la vifaa vya ujenzi hujua mambo. Anajua nani anajenga, nani amesimama kwenye lenta, nani ameoa mke wa pili kabla mke wa kwanza hajajua. Hilo la mwisho msiniulize leo.

Nianze na swali. Nani hapa leo usiku atalala kisiwani? Inueni mikono. Naona minne. Mwenyekiti, shusha mkono, wewe umehamia Utange na sote tunajua. Basi ni mitatu, katika ukumbi huu wote.

Msishangae. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti nzima ya Mombasa. Mvita, yaani kisiwa chote, Mji wa Kale hadi Tudor, Majengo hadi Ganjoni, kilikuwa na watu 154,171. Gawanyeni wenyewe. Katika kila watu wanane wa Mombasa, anayelala kisiwani ni mmoja. Mmoja! Kisauni peke yake ilikuwa na watu 291,930. Ongeza Nyali, 216,577. Upande huu wetu wa daraja tulikuwa tumeshapita nusu milioni. Ukivuka Mtwapa ukaingia Kilifi, mji wa Mtwapa mwaka 2009 ulikuwa haujafika watu elfu 50, na miaka kumi baadaye ulikuwa umefika kama elfu 90. Na hiyo ni hesabu ya zamani. Ukitaka hesabu ya leo, kasimame Bamburi Mtambo saa kumi na mbili asubuhi.

Wazee hapa mnalikumbuka daraja la zamani la Nyali, lile la kuelea, lililowekwa mwaka 1931. Hili tunalopita sasa lilifunguliwa 1980. Wakati ule huku kulikuwa mashamba, minazi na miembe, na mtu akihamia Kisauni nduguze walimwonea huruma. Sasa nani anamwonea huruma nani?

Neno langu la leo ni moja. Mji umeshavuka daraja, lakini biashara zetu bado tunaziendesha kana kwamba mteja yuko kisiwani.

Wenye maduka, niwaulize. Mnafungua saa ngapi? Nasikia saa tatu. Mnafunga saa ngapi? Saa kumi na mbili. Hiyo ni saa ya nani? Hiyo ni saa ya Biashara Street. Hiyo ni saa ya Digo Road. Kule ni sawa, kwa sababu kule mteja huja saa tatu na huondoka saa kumi na moja. Na mteja huyo ni nani? Ni jirani yako! Wewe ukifungua duka saa tatu, yeye ameshashuka Posta. Wewe ukifunga saa kumi na mbili, yeye yuko Lights, amekunja suruali, anagombania matatu. Akifika hapa saa moja na nusu, ana pesa mfukoni, ana njaa, mtoto amempigia simu kwamba kalamu imekwisha, na taa ya chumbani imeungua. Anashuka steji, anaangalia huku na huku, maduka yote yana kufuli. Kesho yake afanye nini? Atanunua kalamu kisiwani. Atanunua taa kisiwani. Na ndizi, na dawa ya mbu, na kadhalika. Halafu wewe utakaa hapa uniambie Kiembeni hakuna biashara.

Mtaa kama huu una vipindi viwili vya biashara. Cha kwanza ni kuanzia adhana ya alfajiri hadi saa moja na nusu asubuhi. Cha pili ni kuanzia magharibi hadi saa nne usiku. Katikati hapo utawakuta akina mama, watoto ambao hawajaanza shule, mafundi, na paka. Kwangu mimi mafundi wanatosha, ndiyo maana mimi asubuhi yangu ni nzito. Lakini wewe unayeuza viatu vya ofisini, saa tano mchana unamfungulia nani?

Kuna mama mmoja yuko hapa ndani, ameniomba nisimtaje jina, kwa hivyo msigeuke kumtazama. Kwa miaka mingi alikuwa akikaanga mahamri kwake Mishomoroni, anayapanga kwenye ndoo, anafunika kitambaa, anapanda matatu kwenda kuuza nje ya maofisi kule Ganjoni. Nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, na makanga akimlipisha ndoo kama abiria. Mvua ikinyesha nauli inapanda, nyinyi mnawajua. Halafu ikaja Aprili 2020. Korona. Maofisi yakafungwa, wale wateja wake wote wakabaki nyumbani. Nyumbani wapi? Mishomoroni! Mtopanga! Hapa hapa!

Akaweka meza nje ya lango lake. Alidhani ni ya wiki mbili. Maofisi yakafunguliwa, wateja wakarudi Ganjoni, yeye hakurudi. Kwa nini? Kwa sababu alikuwa amegundua jambo ambalo wengi wenu hapa hamjaligundua. Watu wale wale aliokuwa akiwafuata Ganjoni saa nne wanapita mbele ya lango lake saa kumi na moja na nusu alfajiri, tumbo tupu.

Sikilizeni alivyofanya, maana hapa ndipo penye akili. Asubuhi mteja hana wakati. Kwa hivyo mbaazi anazipima tangu alfajiri kwenye vikombe vyenye vifuniko, mahamri mawili mawili yameshafungwa kwenye karatasi, na namba ya kulipia ameiandika kwa rangi ubaoni, herufi kubwa, mtu alipe huku anatembea. Hakuna kutafuta chenji. Saa moja na nusu anafunga meza, analala. Ndiyo, analala mchana, na watu walimsema. Jioni anatoa kitu kingine kabisa: viazi karai, bhajia, chatini ya ukwaju, na mabenchi mawili. Kwa sababu mteja wa jioni hataki haraka. Amesukumwa siku nzima, anataka kukaa na kumsema mkubwa wake wa kazi. Mteja ni yule yule, asubuhi mtu mwingine, jioni mtu mwingine.

Wenzetu wa Mtwapa Aprili ile waliipata kali zaidi. Serikali ilipofunga njia za kuingia na kutoka Mombasa, Kilifi na Kwale, daraja la Mtwapa ndilo lililokuwa mpaka. Mtu analala Kilifi, kazi iko Mombasa, na polisi wako katikati. Siku hizi njia iko wazi, lakini mpaka haukuondoka. Kibali cha biashara ulichokata Mombasa hakivuki lile daraja. Ukifungua tawi Mtwapa, hiyo ni kaunti nyingine, kibali kingine, na maafisa wengine wa kukuuliza. Ndugu zangu wenye magari ya kusambaza bidhaa, mnanielewa. Wekeni gharama hiyo kwenye hesabu kabla hamjamwambia mteja wa Mtwapa bei.

Simwambii mtu asikanyage kisiwani. Mimi mwenyewe kuna bidhaa nazifuata huko. Lakini Kongowea iko wapi? Si iko huku kwetu? Soko kubwa la jumla la mboga na matunda liko upande huu wa daraja, malori yanashusha usiku kucha, na bado nina jirani, muuza mboga, anayevuka kwenda kununua nyanya Marikiti. Nilipomwuliza kwa nini, akaniambia ndiko alikozoea. Mazoea, jamani. Analipa nauli mbili kwa ajili ya mazoea.

Sasa nije kwenye jambo zito, nalo ni ardhi. Nitakaa hapa kidogo, vumilieni.

Mimi sihitaji kumwuliza mteja kama ana hati. Naangalia anachonunua. Akija mtu akataka nondo, akauliza bei ya kokoto kwa lori zima, akapiga hesabu ya simiti ya slabu ilhali anajenga nyumba ya chini tu, najua huyu ana hati, na amekusudia watoto wake wapandishe ghorofa. Akija mwingine akataka boriti, misumari na mabati mepesi, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kama mabati hayo yaking'olewa yanaweza kupigiliwa tena mahali pengine, huyo naye nimeshamjua. Huyo anajenga juu ya shamba la mtu. Anajenga nyumba ya kubebeka.

Na msidhani wa mabati ni maskini kuliko wa nondo. Mara nyingine yeye ndiye mwenye pesa! Ana duka, ana tuktuk mbili. Alichokosa ni karatasi. Na mtu asiye na karatasi hachimbi kisima, hajengi choo cha maana, hawekei duka lake sakafu. Benki haimkopeshi, maana ataweka nini rehani? Mabati? Anabaki miaka na miaka anafanya biashara kubwa ndani ya kibanda kidogo, kwa sababu kibanda ndicho anachoweza kukipoteza.

Mambo haya hayakuanza jana. Mwambao huu, maili kumi kutoka baharini, ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na mwaka 1908 Waingereza wakatunga sheria ya hati za ardhi. Waliojua njia ya ofisini walijiandikisha. Wengi waliokuwa wakilima, na waliozika wazee wao papo hapo, hawakujiandikisha, na ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Ndiyo maana leo, zaidi ya miaka mia baadaye, kuna watu katika ukumbi huu wanaomiliki nyumba na hawamiliki ardhi iliyo chini yake. Wanalipia kiwanja kila mwezi kwa mwenye shamba ambaye hawajamwona uso. Ng'ambo ya pili, Likoni, lile shamba la Evanson Waitiki la ekari 930 lilizozaniwa miaka mingi hadi serikali ikalinunua, na mwaka 2016 wakazi wakaanza kupewa hati. Inawezekana, basi. Lakini inachosha, na inataka watu walioshikana.

Wakati tunasubiri makubwa hayo, kuna madogo yanayotuua. Kijana mmoja alikodi kibanda kando ya barabara ya Malindi, auze vifaa vya simu. Akaombwa kilemba, yaani pesa ya kuachiwa kibanda. Akatoa akiba yake yote, akamkabidhi mtu aliyesema kibanda ni chake, pesa mkononi, bila risiti, wakapeana mikono na kuombeana heri. Miezi michache baadaye akaja mtu na kopo la rangi nyekundu akampigia alama ya kubomolewa ukutani. Barabara inapanuliwa, na kibanda kilikuwa ndani ya ardhi ya barabara tangu siku ya kwanza. Kijana akampigia simu yule aliyepokea kilemba. Simu haikupatikana. Mnadhani imepatikana hadi leo?

Jamani, sikilizeni, na mkamwambie na jirani. Karatasi ya chifu si hati. Makubaliano ya kuuziana si hati. Cheti cha hisa cha ploti ambayo bado haijakatwa si hati. Picha ya hati kwenye WhatsApp si hati! Kabla hujatoa kilemba, kabla hujatoa arubuni, omba namba ya kiwanja, uende mwenyewe ofisi ya ardhi ukatazame jina la nani liko kwenye daftari lao. Mwenye kukuuzia akikwambia hakuna wakati wa hayo, kuna mteja mwingine anasubiri, mwachie huyo mteja mwingine.

Mwasema nawatisha. Haya, tuongee maji.

Nani hapa ana mfereji unaotoa maji kila siku? Hamna mkono hata mmoja, hata mwenyekiti. Sasa mnajua kwamba kaunti ya Mombasa haina chanzo chake kikubwa cha maji? Hakuna. Maji ya Mzima yanatoka Taita Taveta, kwa bomba la zaidi ya kilomita 200. Ya Baricho yanatoka Kilifi. Ya Marere na Tiwi yanatoka Kwale. Sisi tuko mwisho wa kila bomba, na kila mtaa mpya unaoota juu ya bomba hilo hunywa kabla yetu.

Nendeni siku moja Jumba la Mtwana, hapo tu baada ya daraja la Mtwapa. Ni mji mzima wa mawe, misikiti, majumba, visima, uliojengwa karne ya 14 na ukahamwa karne iliyofuata. Wataalamu wanataja sababu zinazowezekana: biashara kukatika, uvamizi, au maji kukosekana. Sisemi Kiembeni itahamwa. Lakini wale waliojenga pale walikuwa na pesa kutuzidi, na mawe yao yamesimama hadi leo.

Basi tunachimba visima, na visima vinatoa maji ya chumvi. Mwenye saluni ananiambia wateja wake wanalalamika nywele zinakuwa kama katani, kwa hivyo ya kuoshea ananunua maji matamu kwa mkokoteni, mtungi kwa mtungi, na bei anaipanga mwenye mkokoteni. Mwenye hoteli ndogo ni hivyo hivyo. Ukifungua biashara yoyote inayogusa maji huku kwetu, hesabu mitungi kabla hujahesabu kodi. Wengi wanahesabu kodi tu, na mitungi inakuja kuwafunga.

Na hapa kuna jambo la kazi yangu. Fundi akiona maji matamu ni ghali, anachanganya zege kwa maji ya chumvi. Kwa macho huoni tofauti. Zege linashika, ukuta unanyooka, mwenye nyumba anafurahi. Lakini chumvi ile inabaki ndani, inakula nondo polepole. Kutu ikivimba, zege linapasuka kutoka ndani, na baada ya miaka utaona mistari ya kahawia kwenye dari na vipande vinadondoka. Nyumba za namna hiyo ziko mtaani kwetu, mnazipita kila siku. Kwa hivyo ukijenga kwa nondo, simama na fundi siku ya kumwaga. Onja maji yale. Ndiyo, onja, tia kidole mdomoni! Fundi akikasirika, mwache akasirike.

Choo cha shimo nacho. Ploti ni futi arobaini kwa themanini, kisima chako kiko hatua chache kutoka choo cha jirani, na mawe yetu haya ya matumbawe yana matundu. Maji ya kisima cha namna hiyo ni ya kufulia. Usinipikie nayo.

Kuna maji tunayoyaacha yaende zake. Paa la mita kumi kwa kumi, kila milimita moja ya mvua ni lita 100. Hiyo ni mitungi mitano. Siku moja ya masika ikinyesha milimita 30, paa lako limekupa lita 3,000, mitungi 150, bure, na yote yanamwagika barabarani yanatuharibia njia. Najua mnanong'ona kwamba huyu mama anauza matangi na mifereji ya paa. Ni kweli nauza. Na hesabu pia ni kweli. Kanunueni kwa jirani yangu mkitaka, lakini nunueni.

Nipite haraka kidogo upande wa Miritini na Changamwe, maana wenzetu wa huko wamefika. Reli ya SGR ilianza kubeba abiria mwaka 2017, halafu mizigo mingi ya bandarini ikaamriwa kupanda reli hadi bara. Magari makubwa yakapungua. Na mtaa mzima ulikuwa unaishi kwa magari makubwa: magereji, wauza matairi, akina mama wa chakula cha madereva, vyumba vya kulala, hata kinyozi. Mama mmoja wa wali na maharagwe aliniambia sufuria yake kubwa aliigeuza akaanza kufugia kuku. Mwaka 2022 amri ile ikaondolewa, baadhi ya magari yakarudi, na yeye akarudi kupika. Lakini kuku hakuwauza! Sasa ana mayai na ana wali. Na sisi wa huku tusiwacheke, kwa sababu hoteli za pwani zikikosa wageni msimu mmoja tu, nani hapa haumii?

La mwisho, halafu soda.

Kisiwani, katika mitaa ya zamani, mtu hukopeshwa kwa jina la babu yake. Muuza duka anajua ukoo wenu, anajua nyumba yenu, anajua utakuja kuzikwa wapi. Huku kwetu nani anamjua nani? Lango hili anakaa Mkamba, linalofuata Mtaita, kisha Mjaluo, kisha Mgiriama, kisha familia imetoka Lamu mwezi uliopita. Wote ni watu wazuri. Wote wanataka kukopa. Na wewe mwenye duka una daftari na kalamu, na hujui nani kesho atapakia godoro kwenye pikapu ahame usiku.

Wengi wenu mmeandika ukutani "Leo pesa, kesho deni" mkadhani mmemaliza. Mimi nimeyaona maduka yenye maandishi hayo yakifungwa, na yenye madaftari manono yakiendelea. Mtaa wa wafanyakazi bila deni hauendi, kwa sababu mshahara ni mwisho wa mwezi na unga ni kila siku. Jambo ni kumpa nani, na kiasi gani.

Dukani kwangu utaratibu ni huu. Mgeni simkopeshi. Lakini nampa njia ya kunionyesha yeye ni mtu wa namna gani. Anataka mifuko kumi ya simiti na hana pesa za kumi? Aweke kidogo kidogo kwangu. Mia mbili leo, mia tano Ijumaa, naandika kwenye kadi yake na kwenye daftari langu, tunatia sahihi wote wawili. Simiti simpi mapema, hata akilia, kwa sababu simiti ukiiweka chumbani na unyevu huu wetu wa pwani, baada ya miezi michache inaanza kuganda na kupoteza nguvu. Nina wateja walionunua mifuko kwa fahari wakati wa bonasi, wakaja kunionyesha mawe. Pesa haziozi, simiti inaoza. Basi zikitimia, anachukua simiti mbichi kwa bei ya siku hiyo, na hilo tunakubaliana tangu mwanzo ili tusije tukagombana.

Na mimi nimepata nini? Nimemwona mtu miezi mitano. Nimejua anakuja siku aliyosema au haji. Nimejua akikosa anapiga simu au anapita upande wa pili wa barabara. Mwaka wa pili, huyo mimi namkopesha hadi mabati, na jina la babu yake sijalijua bado.

Akina mama wa nyuma ya shule wameipeleka mbali zaidi. Chama chao kila mwezi kinamlipia mmoja wao simiti moja kwa moja dukani, pesa hazipiti mkononi mwake hata kidogo, kwa sababu, kama walivyoniambia wenyewe, pesa ikipita mkononi mwa mwanamke mwenye shemeji wengi haifiki dukani. Mwacheka tu. Nyumba zao zimeezekwa.

Haya. Kuna karatasi pale mezani, karibu na soda. Kabla hujachukua soda, andika jina la biashara yako, mahali ilipo, na saa unazofungua na kufunga. Nataka tujue nani yuko wazi saa mbili usiku, tuwaambie watu wa steji. Wenye vibanda kando ya barabara waandike upande wao na alama ya nguzo ya stima iliyo karibu, ili tukienda kuuliza mipaka ya barabara twende na orodha, tusiende na kelele. Na wale mlio kwenye bomba moja la maji kuanzia msikitini hadi kanisani, nawaomba mbaki dakika kumi baada ya hapa, kwa sababu barua ya kwenda kampuni ya maji iko tayari na inataka sahihi.

Maswali yapo? Mzee pale nyuma, nimekuona, umeinua mkono tangu niliposema kilemba. Mpeni kipaza sauti. Na wewe mwenye ploti za cheti cha hisa, usitoke, huenda swali ni lako.